Mko Wangapi? Miaka Yangu ya Gome na Mayai Yenye Madirisha

Mjukuu wangu Nuru, pamoja na wenzako mnaosomea kazi ya maabara huko Dar es Salaam: mmesema mnataka kujua koko wenu, yaani bibi yenu, alikuwa akifanya nini miaka yote ile. Nitajaribu. Shule yangu ni ndogo, nilitoka darasa la msingi nikaenda moja kwa moja kutwanga magome. Kiswahili changu ni cha marehemu baba na cha redio. Hapa Mahabibo, mtaa wetu wa Mahajanga, sokoni tunasema Kimalagasi, nyumbani Kingazija, ofisini Kifaransa, kwa hiyo mkikuta sentensi imekaa upande, isukumeni kidogo. Na yako mambo humu ambayo mimi mwenyewe sina hakika nayo. Nikifika hapo nitasema.

Nianze na yai, kwa sababu nyinyi mna mashine na huenda hamtafungua hata moja.

Yai la dukani halifai, kuku wake hajawahi kumwona jogoo. Yetu yalitoka kijiji cha Boanamary, kwa mama mmoja aliyekuwa na jogoo mkali kiasi kwamba ukienda kuchukua mayai unabeba kipande cha ubao wa kujikinga miguu. Yai unaliweka kwenye kabati la joto siku chache. Kisha unalimulika, unatoboa kwa sindano upande wa chini, unavuta ute kidogo ili utando ushuke na kuachana na ganda. Halafu unakata dirisha juu kwa mkasi mdogo wa kucha, unaliziba kwa karatasi ya gundi inayoonyesha ndani, unalirudisha. Usiligeuze tena. Ukiligeuza umeua.

Ukitazama baada ya hapo, unaona mishipa ya damu inakua. Mara ya kwanza nilidhani naangalia mdomo wa mto Betsiboka kutoka juu mlimani, yale maji mekundu yakigawanyika na kugawanyika tena kuingia baharini. Tofauti ni kwamba mto huu ulikuwa unadunda. Kando yake kitone kidogo kinaruka, kinaruka. Huo ni moyo.

Kazi yetu ilikuwa kuweka tone la dawa juu ya utando. Yai moja linapata tone la maji matupu, jingine linapata maji ya gome, ili usije ukailaumu dawa kwa kosa la mkono wako. Na mkono wangu ulikosea. Siku za mwanzo nilipata yai ambalo mishipa yake imejazana kulizunguka tone, minene, mizuri, tukaitana wote kutazama, tukadhani tumepata dawa ya kuotesha damu. Lilikuwa vumbi la ganda. Nilikata ovyo, vumbi likadondokea kwenye utando, na mwili ukalikimbilia kama unavyokimbilia mwiba. Kwa hiyo kateni polepole, na pulizeni vumbi pembeni, msipulize ndani.

Gome lile lilifanya kinyume. Nitalieleza, lakini lazima kwanza niwapeleke kisiwani Nosy Be, la sivyo hamtaelewa kwa nini lilinitisha.

Nilikwenda Nosy Be mwisho wa miaka ya sabini. Baada ya fujo za hapa Mahajanga, watu walipotugeukia sisi Wangazija, jamaa zetu wengi walirudishwa Komoro, nyumba nyingi za Mahabibo zikabaki milango wazi. Sisi jirani yetu Msakalava alitufungia chumbani kwake na kukaa mlangoni, na hilo nalisema kila ninapopata nafasi, maana wengine husimulia kama vile hakuna aliyetusaidia. Mama akaniambia nenda Nosy Be, kwa shangazi yako aliye mjini Andoany. Huko Andoany nikapata kazi kwenye nyumba ya utafiti wa dawa za miti. Mkubwa wetu alikuwa Dokta Noro, mwanamke wa bara, mwenye sauti ndogo na miwani iliyofungwa kwa uzi. Tombo, Msakalava wa hapo hapo, alikuwa dereva na mkataji. Na mwenzangu wa kutwanga alikuwa Zaina, binti wa Waislamu wa zamani wa pwani, mwenye maneno mengi na ulimi wa ajabu.

Nasema ulimi kwa maana ya kazi. Gome likishatwangwa linachemshwa, maji yanamwagwa kwenye chupa, linachemshwa tena, mpaka uchungu wote utoke. Utajuaje umetoka? Unaonja. Unagusa tone kwa ncha ya ulimi, unatema. Dokta Noro ndiye aliyetufundisha, na yeye alifundishwa hivyo na walimu wake, na kila chupa aliionja pia, sitaki mumfikirie vibaya. Hakututuma kitu ambacho yeye hakifanyi. Sisi wengine tulihitaji kuonja na kuonja tena. Zaina alikuwa anagusa mara moja, anafumba jicho moja, anasema, "Bado umo," na umo kweli.

Mti wenyewe sitautaja. Mkiliandika jina lake mtu atasoma, ataenda kuuchemsha. Unakaa nyuma ya mashamba ya milangilangi, mahali njia inapogawanyika: moja inaingia msituni kwenye mti, nyingine inashuka kupitia pwani. Watu wa upande ule waliutumia kwa uvimbe, ule unaoota ndani na kukua bila kuuma, na ndiyo sababu Dokta Noro aliutaka. Pale penye njia panda alikaa bibi mmoja anayechochea moto wa mtambo wa kuchemshia maua ya langilangi kutoa mafuta ya manukato. Tulimwita Dadi Soa. Dadi ndiyo bibi kwa lugha yao. Kila apitaye alimuuliza swali moja, mgeni au mwenyeji, hata padri.

"Mko wangapi?"

Unajibu idadi. Idadi yako ikilingana na yake, unapita. Isipolingana anakwambia upitie pwani. Basi. Ndiyo desturi yote, na aliipokea kwa mama yake.

Tulikwenda siku moja asubuhi, mimi, Zaina na Tombo, na magunia yetu. Yaliyosemwa yalisemwa Kisakalava, naandika kama nilivyoelewa.

"Mko wangapi?"

"Watatu, Dadi," Tombo akasema. "Labda mimi unihesabu mara mbili kwa ajili ya hiki kitambi."

"Hicho ni wali." Akachochea moto wake, akatutazama mmoja mmoja. "Naona wanne."

Tombo akageuka kuangalia njia tuliyotokea. Hapakuwa na mtu. Pale harufu ya langilangi huwa nzito mpaka inakaa kooni, na moshi ulikuwa umelala chini, lakini njia ilikuwa wazi.

"Wa nne yuko wapi, Dadi?"

"Mimi sijui majina. Nyinyi mpitie pwani."

"Pwani hakuna gome."

"Ndiyo maana nimewaambia pwani."

Zaina akacheka. Akasema, "Dadi, moshi umekuingia machoni, nikija kesho nitakuletea limau." Tukaingia.

Ule mti una ndugu wanaofanana nao, kwa hiyo kila mmoja wetu alitafuna kipande kidogo kuhakikisha, tukatema, tukakata. Nakumbuka kwamba chini yake hapakulia mdudu hata mmoja. Hili ni moja ya yale niliyosema sina hakika. Inawezekana walilia, na kumbukumbu ndiyo iliyowanyamazisha baadaye.

Kabla mwezi haujaisha Zaina alipoteza mimba. Hakuwa amejua anayo. Ilikuwa si ya kwanza kuharibika, na alikuwa amebeba magunia mazito, na wanawake wengi hupatwa na hayo ambao hawajawahi hata kuusikia mti ule. Nataka hayo yawepo kwenye mizani. Lakini Zaina aliponiambia, tukiwa tumekaa kizingitini kwa shangazi yangu, hakulia. Alisema tu, "Yule bibi alihesabu." Halafu akaniomba tusilizungumze tena, na hatukulizungumza.

Tuliporudi msimu uliofuata Dadi Soa aliuliza kama kawaida, Tombo akasema watatu bila mzaha wowote.

"Haya. Watatu," akasema bibi, akatuachia njia. Ila macho yake hayakuwa kwetu. Yalikuwa nyuma ya Zaina, chini kidogo, urefu wa mtoto anayejifunza kutembea. Tombo aliyaona pia. Siku ile hakuimba kwenye gari.

Nyumba ya utafiti ilihamia Mahajanga, tukahama nayo. Nikarudi Mahabibo kwetu. Zaina alikuja na mumewe, karani wa bandari, mtu mpole lakini mwenye dada wengi. Nyinyi vijana mnaweza kudhani kupoteza mimba ni uchungu wa mwenyewe peke yake. Ndugu wa mume walikuwa wakija kila Ijumaa, wanakula pilau ya Zaina, wanasifia chumvi, halafu wanamtaja binti fulani wa mtaa wa pili, jinsi alivyo na nyonga. Mpaka wakafikia kumwambia mume wazi: akipoteza nyingine tunakuolea. Zaina alinieleza huku anachuja chupa. "Wameshapima na nguo ya harusi," akasema. "Wifi yangu mkubwa ameniuliza rangi gani itampendeza bibi harusi. Nikamwambia kijani, wewe siku yako kilikung'arisha, na yeye atang'aa."

Ndiyo wakati mayai yalipokuja. Dokta Noro alikuwa amefikiri hivi: uvimbe hauwezi kukua bila damu, lazima uvute mishipa mipya iulishe. Kama gome kweli linapunguza uvimbe, basi tuangalie mishipa. Tukafundishwa yai. Zaina aliyapenda sana. Alikuwa anabisha hodi kwenye kabati la joto kabla ya kulifungua, na Tombo akipita anajibu kutoka dirishani, "Karibu, tuko uchi."

Asubuhi tuliyofungua mayai ya gome, Dokta Noro alikuwa mjini. Zaina alikuwa ameshaonja chupa za siku ile, nilimsikia anatema kwenye beseni. Mimi nikachukua lenzi.

Yai la maji lilikuwa zuri, mto mwekundu kila pembe. La gome nilidhani nimelikosea. Mishipa ilikuja kutoka pande zote kama kawaida mpaka ikafika ukingoni mwa tone. Hapo ikageuka. Haikukatika, haikumwaga damu. Iligeuka tu, kama watu waliofika kwenye mlango wakaambiwa kwa sauti ndogo kwamba ndani kuna maiti. Katikati palibaki duara jeupe, safi, utadhani limepigwa pasi. Na pembeni ya weupe ule moyo ulikuwa bado unadunda, lakini polepole, kama unasikiliza.

Nikafungua jingine. Hivyo hivyo. Jingine tena. Kabati zima lilikuwa na macho meupe yananitazama.

Nikamwita Zaina. Aliinama kwenye lenzi muda mrefu. Akauliza, "Imekimbia nini?" Na akiwa bado ameinama, mkono wake wa kushoto ukashuka ukashika tumbo, chini ya kitovu, ukakaa hapo.

Kwetu mimba changa haiulizwi. Hata dada hamuulizi dada. Mwenye nayo anaificha mpaka ijionyeshe yenyewe, kwa kuogopa jicho. Kwa hiyo sikuwa na neno la kutumia. Nilisimama na yai jingine mkononi, na neno pekee lililonijia lilikuwa la mtu mwingine.

"Zaina," nikasema, "mko wangapi?"

Hakuinua kichwa. Nilisikia kabati linanguruma, na nje muuza samaki anapita.

"Wawili," akasema.

Halafu akaenda kwenye beseni, akasukutua kinywa, akasukutua tena, akasukutua mpaka nikamfungia bomba.

Dokta Noro aliporudi nilimweleza: mayai, gome, ulimi, na Zaina, maana Zaina aliniruhusu. Nilimwambia na ya Dadi Soa, nikiogopa atacheka. Hakucheka. Alitazama lile yai, akavua miwani, akasema, "Fatuma, yai si mwanamke. Tone kwenye utando si tone ulilolitema. Siwezi kukuambia kwamba ndiyo, wala siwezi kukuambia kwamba hapana." Kisha akanyanyuka, akakusanya vikombe vyetu vyote vya kuonjea, na cha kwake, akavitia kwenye ndoo, akamwambia Tombo akavivunje. Tangu saa ile hakuna aliyeonja. Tulichemsha zaidi ya inavyohitajika na kumwaga zaidi ya inavyohitajika, mpaka alipopata njia ya kupima kwa karatasi. Zaina akahamishiwa kazi ya kwenda Boanamary kununua mayai.

Msidhani alishukuru. Alinuna. "Ulimi wangu ndio ulikuwa kazi yangu," aliniambia. "Sasa mimi ni mtu wa kupigwa teke na jogoo." Lakini alikwenda. Miezi ile yote ilikuwa ya kuhesabu kimya kimya. Kila akirudi na tenga la mayai nilikuwa namtazama anavyoteremka garini, kama ameshika ubavu, kama nguo ina doa. Ndugu wa mume walikuwa wanamtazama hivyo hivyo kwa sababu zao. Alipopita miezi ambayo mimba nyingine zilikuwa zikimtoka, Tombo alianza kumwendesha taratibu mno hata baiskeli zinawapita, na Zaina akamuuliza, "Tunakwenda Boanamary au makaburini?"

Alizaa msichana, mtoto akalia saa ileile, Zaina akamwita Salama. Mke wa pili hakuja. Ile nguo ya kijani sijui waliifanyia nini.

Sasa jambo la alama. Salama alizaliwa na duara jeupe kwenye bega la kushoto, dogo. Ukimsugua bega, ngozi yote inayozunguka inakuwa nyekundu, pale panabaki peupe. Akiwa na homa, akilia, akikaa juani, damu inakuja mpaka ukingoni na haiingii. Dokta Noro alimpima akasema alama kama hiyo ni ya kawaida, wanazo watoto wengi ambao mama zao hawajawahi kunusa gome lolote, na haina madhara. Namwamini. Naandika neno lake hapa makusudi, ili msije mkachukua la kwangu peke yake. Ila mimi nilikuwa nimeangalia mayai, yeye alikuwa ameangalia mtoto, na nilipoliona lile bega niliona duara la yai.

Miaka mingi baadaye, nywele zetu zimeshageuka, yakaja majibu kutoka maabara ya nje, na Dokta Noro akatuita kutueleza. Aliyajua maisha ya Mahabibo kwa hiyo alitumia fundi cherehani. Akasema: ndani ya kila chembe ya mwili kuna jora refu la maagizo, ndiyo hizo jeni. Chembe ikitaka kufanya kazi inanakili kipande cha jora, halafu inakata vipande visivyotakiwa, inaunga vilivyobaki. Jora moja linaweza kukatwa namna mbili. Likikatwa hivi, agizo linasema: mishipa, njooni. Likikatwa vile, jora lilelile linasema: mishipa, simameni. "Tulidhani gome linaiua mishipa," akasema. "Yaelekea haliigusi kabisa. Linakwenda kwenye meza ya fundi na kumshika mkono wenye mkasi." Alisema yaelekea, na mimi naandika yaelekea. Kwa mwenye uvimbe, huo mkono ukishikwa vizuri ni uhai. Kwa kitoto ambacho ndiyo kwanza kinajishonea mishipa yake, ni kitu kingine. Nyinyi mnayajua haya kuliko mimi. Mimi nilichojua ni yale macho meupe kabatini, na sasa nilijua kwamba hakuna aliyeipiga ile mishipa. Iliambiwa tu, kwa sauti yake yenyewe.

Miaka mingi kabla ya majibu hayo tulimrudia Dadi Soa, mimi na Zaina, Salama akiwa bado wa kushikwa mkono. Zaina ndiye aliyetaka. Alimpelekea limau, ile ahadi ya zamani. Bibi alikuwa amezeeka mpaka moto wake unachochewa na mwingine, lakini swali lilikuwa bado lake.

"Mko wangapi?"

"Watatu, Dadi," Zaina akasema.

Bibi akatazama. Safari hii hakuangalia nyuma ya mtu. Akamvuta mtoto karibu, akaweka kidole begani, juu ya gauni la mikono mirefu, pale pale penye duara, ambalo hakuwa amewahi kuliona.

"Huyu mnamhesabu wa nini," akasema. "Huyu ameshaingia kwa ule mti akatoka."

Akapokea limau zake, akaanza kulalamika kwamba ni ndogo.

Kutoka siku nilipolifungua lile yai mpaka nilipostaafu, hakuna mwanamke aliyeingia maabara yetu kutwanga bila mimi kumuuliza mlangoni, mko wangapi. Wengi walicheka. Wengine walijibu mmoja huku wakishangaa. Wapo wachache ambao hawakucheka, wakanitazama, na kesho yake wakaomba kazi ya ofisini, na mimi sikuuliza zaidi. Nanyi ulizeni. Sina hakika na mambo mengi ya humu lakini na hilo nina hakika.

Dadi Soa amefariki. Mwaka niliostaafu nilikwenda Andoany kumzuru shangazi, nikashuka mpaka kwenye njia panda peke yangu, mchana, nione mti kwa mara ya mwisho. Mtambo umeng'olewa, yamebaki mawe meusi ya jiko. Hakuna anayeuliza siku hizi, vijana wanapita na pikipiki. Lakini harufu ya langilangi ilikuwepo, ingawa haukuwa msimu wa maua.

Nilisimama pale penye mawe. Nikaona aibu kidogo, mtu mzima, lakini nikasema kwa sauti, "Mmoja."

Nikangoja. Mimi ni mwanamke niliyepita umri wa kuzaa, nilikuwa peke yangu, jibu langu lilikuwa sahihi. Sikuona kitu, sikusikia kitu, na sitaki kuwaongezea. Nilijikuta tu natazama chini, upande wa nyuma yangu, kama mtu anayemsubiri mwenzake mdogo aliyechelewa.

Nikapitia pwani.